Mlinzi wa TV

Karatu, Jumatatu, 4 Julai 2005

Mama Clara,

Imefika. Nimeitoa stendi kwa toroli, maboksi matatu, na watu wote wa barabara ya mashine wamesimama kunitazama kama naoa tena. Hom thieta. Spika tano ndogo na sabufa moja kubwa kama debe. Kiinua mgongo changu cha hoteli kimeishia humo. Usiniulize kilichobaki.

Najua ungesema nini. Ungesema bati la jiko linavuja. Ni kweli linavuja. Lakini sikuinunua kwa ajili ya mpira wala taarifa ya habari. Nimeinunua kwa ajili ya ile kanda.

Sendofu ya Brigita, binti wa jirani yetu Hilary. Umesimama na maikrofoni, umevaa kitenge cha bluu, unazungumza, na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nje ya turubai nahangaika na jenereta. Nilipokuuliza umesema nini, ukajibu nitasikia kwenye kanda. Kanda ilipoletwa, TV yetu ilikuwa imeshapigwa na umeme: picha ipo, sauti hakuna. Tukakaa tukakutazama ukifungua mdomo na kuufunga. Ulicheka peke yako. Ukasema siku nitakayotengeneza sauti nitasikia mwenyewe.

Sikuitengeneza. Jumamosi ya wiki ijayo unatimiza mwaka tangu utuache.

Clara anakuja kutoka Dar na mtoto. Mtoto ni Eliapenda, jina lako lote, na hamkuonana. Clara ameniambia kwenye simu kwamba anataka mtoto amsikie bibi yake. Nimemjibu asiwe na wasiwasi hata kidogo. Ndipo wasiwasi wangu ulipoanza.

Nimeunganisha. Spika mbili mbele, mbili nyuma, moja juu ya picha ya kipaimara ya Clara. Nimewasha. Taa ya bluu, nzuri sana. Dakika hiyohiyo Hilary akawasha mashine yake ya kusaga, hapo ng'ambo ya ua. Taa ya sebuleni ikawa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Picha ya TV ikajikunja katikati. Mashine ilipozimwa, taa ikapanda mpaka nikafumba macho, na sabufa ikalia kama mtu aliyekanyagwa mguu.

Nimechomoa kila kitu. Nimekifunika kwa kitambaa chako cha kufuma, kile cha maua ya pembeni. Kanda sijathubutu kuiweka.

Jumanne, 5 Julai

Nina mpango.

Nimemwita Inosenti, fundi umeme wa mtaani, yule aliyetufungia kengele ya mlango inayolia redio ikiwashwa. Nimemweleza kwa utaratibu. Kwenye nguzo kuna fezi tatu. Hilary akae kwenye yake, mimi nihamishiwe nyingine, kila mtu na amani yake.

Inosenti alicheka. Kisha akatafuta kigoda akakaa ili acheke vizuri. Akasema, mzee, mashine ya Baba Brigita inakula fezi zote tatu, hata ukihama utamkuta mezani. Nikauliza kama hakuna ya nne. Akasema ya nne haipo, na afadhali niulize habari za erthi yangu.

Ameniuzia ekstensheni yenye taa nyekundu. Hii, anasema, umeme ukizidi unausukuma uende ardhini kwa waya wa erthi. Lakini ardhi yangu mwezi huu wa saba ni tofali. Umeme ukifika hapo utagonga mlango na kurudi ndani. Dawa yake ni kumwagilia maji pale ilipochimbiwa ile fimbo ya shaba, na kutia chumvi kidogo.

Alisema kidogo. Mimi nimekuwa mtunza stoo miaka yangu yote kule juu kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, na najua kwamba kidogo ni neno la watu wanaoogopa kujaza fomu. Nimenunua mfuko mzima wa chumvi ya Eyasi, ile ya mifugo, nikaumwaga wote. Nikamwagilia ndoo baada ya ndoo. Palikuwa pazuri, peupe, panang'aa.

Nimelala kidogo mchana kwa furaha.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Sikukuu. Nilitegemea Hilary atafunga mashine. Hakufunga. Alichofungua ni zizi.

Ng'ombe wake wamepita kwenye uzio wa minyaa kama si uzio, wakaenda moja kwa moja kwenye erthi yangu. Wamelamba chumvi. Chumvi ilipoisha wamelamba udongo. Udongo ulipowalainikia, yule mwenye pembe moja akaiweka fimbo ya shaba kwenye pembe hiyo, akaing'oa, akaiburuta na waya wake mpaka kwenye mgomba.

Hilary amekuja mbio. Si kuomba radhi. Amekuja kulalamika kwamba ng'ombe wake ametekenywa na kitu puani na sasa hataki kukamuliwa. Nikamwambia ng'ombe wake ndiye aliyekula erthi yangu. Akasema tangu azaliwe Karatu hajawahi kusikia mtu akimdai ng'ombe ardhi.

Kisha akalegea, akakaa kwenye kizingiti, akasema nipeleke kanda kwake, ana TV kubwa. Nikamkumbusha kwamba deki yake ni ya sahani za DVD, kanda haiingii. Akasema labda sijaisukuma vizuri. Na kwenye kibanda cha video mjini siendi. Pale ndipo kanda ya harusi ya Godson, yule mtoto wa kaka, ilipoingia nzima na kutoka kama tambi.

Nikamwuliza tena Hilary, kwa mara nyingine, uliongea nini siku ile. Yeye ndiye baba wa bibi harusi, alikaa meza ya mbele. Akasema ulisifu mchele. Alikuwa anatazama mgomba alipokuwa anasema hivyo.

Inosenti amepita jioni. Anasema ninachohitaji sasa ni gadi ya TV. Ni kiboksi. Umeme ukiwa mbaya kinaukata chenyewe. Arusha zimejaa madukani.

Nimemwandikia ujumbe Godson, aliye Arusha kwenye kampuni ya ulinzi. Neno gadi sikulipenda. Kiswahili kina maneno yake. Nikaandika: "Godson, nitumie mlinzi wa TV kwa basi la kesho. Awe imara, wa kukaa muda mrefu." Amejibu haraka, mtoto mwenye adabu: "Sawa baba mdogo. Ninaye mmoja mzuri sana."

Hilo "ninaye" nililiona. Nikadhani vijana wa siku hizi hawakufundishwa ngeli.

Ijumaa, 8 Julai

Kondakta ameniambia mzigo wangu upo. Nikaenda nyuma ya basi kwenye buti. Akasema hapana, mzee, huku mbele. Mzigo ukashuka wenyewe, ukanyoosha miguu.

Anaitwa Moloimet. Mmasai mtu mzima, baba wa watoto, kwao Endulen. Rubega nyekundu, rungu, sime, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa analinda duka la dawa Arusha. Amenisalimu kwa heshima zote, kisha akauliza TV iko wapi.

Mwenye kosa ni mimi. Ningeandika kilinda TV, kiwe imara, ningeletewa kitu. Niliandika mlinzi, awe imara, nikaletewa mtu. Ngeli ile niliyomcheka nayo Godson ndiyo iliyoniletea mgeni.

Kumrudisha? Alikuwa ameshauliza maji ya kunawa yako wapi. Wewe ungemmiminia chai kabla ya kumwuliza jina. Nimeweka vikombe viwili mezani, kama ninavyoweka kila siku bila kufikiri. Leo cha pili kimepata mtu.

Nimemweleza kazi. Nimemwambia mwizi wa hapa haji mlangoni, anapita kwenye waya. Ametoka nje, ameutazama waya kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani, muda mrefu. Akauliza huyu mwizi huja saa ngapi. Nikasema kila Hilary akiwasha mashine. Akauliza kwa nini basi tusimkamate Hilary.

Nilimwambia ni jirani.

Akasema sawa, lakini nimwone nikibadili mawazo.

Jumapili, 10 Julai

Utaratibu wetu ni huu. Moloimet anakaa kwenye kigoda karibu na soketi, mkono kwenye plagi. Mashine ikianza kuguna, anachomoa. Ikinyamaza na taa ikatulia, anachomeka. Jana yote imekwenda vizuri. Nilijiona kama meneja.

Hilary alikuja kuchungulia. Akasema, "Baba Clara, umeajiri yero ashike plagi?" Moloimet akamjibu bila kugeuka, "Na wewe umeajiriwa na mahindi." Hilary alicheka mpaka akaomba chai. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona wivu, maana jibu hilo lilitakiwa kuwa langu.

Leo baada ya ibada mambo yameharibika. Kuna mieleka kwenye TV mchana wa Jumapili. Moloimet hakuwahi kuiona. Mashine ikaanza kuguna. Nikapiga kelele kutoka jikoni, chomoa. Akasema, "Ngoja kwanza mzee, huyu mnene anaanguka." Nikasema chomoa wewe. Akasema, "Anaanguka sasa hivi."

Mnene akaanguka. Umeme nao ukaanguka, kisha ukapanda. Spika moja ya nyuma imetoa moshi mwembamba na haitazungumza tena. Zimebaki nne. Moloimet amesikitika kweli. Ameiokota, akaipangusa, akauliza kama inaweza kuchinjwa au kama ni ya kutupwa tu.

Clara amepiga simu. Nimemwambia kila kitu kipo sawa. Anasema ofisini kwao wana kitu kinaitwa kondishona, kinasafisha umeme kabla haujaingia kwenye mashine, unakuwa laini. Niulizie mjini.

Nimeuliza. Duka la kwanza wamenielekeza duka la pili, duka la pili wamenielekeza saluni ya Bernadina. Nilishangaa lakini nikaenda. Bernadina amenitazama kichwani, amenihurumia, akanipa chupa ya kijani. Anasema inalainisha kabisa, hata nywele ngumu kama za Mzee. Nilikaa kwenye kiti chake nikamweleza umeme. Hakuelewa umeme, lakini alielewa ni kwa ajili yako. Alikuwa anakusuka, unakumbuka, na ulikuwa unasinzia hapo hapo kwenye kiti. Akachomoa stabilaiza yake, ile inayotuliza umeme wa drya za nywele, sanduku zito la chuma, akasema nikae nayo mpaka misa ipite. Nikasema sisi ni Walutheri, ni ibada. Akasema vyovyote.

Na chupa nimepewa pia.

Jumanne, 12 Julai

Godson ameelewa kosa, ameomba radhi, na ametuma gadi yenyewe, kiboksi cheupe chenye taa tatu. Ameniambia nimrudishe Moloimet nikipenda. Nimejibu kwamba anakaa muda mrefu, kama nilivyoagiza.

Sasa ninayo ekstensheni ya taa nyekundu. Ninayo gadi. Ninayo stabilaiza ya Bernadina. Ninaye Moloimet. Mtu wa kawaida angechagua kimoja. Mimi nimeviunganisha vyote, kimoja kwenye mgongo wa kingine, kutoka ukutani mpaka kwenye TV. Vimefika mlangoni na kurudi. Inosenti amekuja kutazama, akasema, "Mzee, hivi vitagombana." Nikamwambia kreta nzima ina lango moja na magari yanapekuliwa vizuri, je, yangekuwa malango matatu?

Akasema wageni wasingeona simba.

Nimejaribu. Gadi iliwasha taa ya njano. Maana yake, ngoja. Tukangoja. Ikawa kijani, ikaruhusu. Stabilaiza ikaamka ikasema tak. Gadi ikashtuka ikakata. Njano. Tukangoja. Kijani. Tak. Njano. Niliona vinasalimiana, vitazoeana. Chai ilipoa. TV iliwaka muda wa kupiga chafya moja, picha safi kabisa, kisha njano.

Nimeridhika. Hakuna umeme mbaya utakaopita hapo. Wala mzuri, anasema Moloimet, lakini yeye ana hasira ya mieleka.

Alhamisi, 14 Julai

Kilichobaki ni mashine yenyewe. Nimewaza: kuzuia umeme wa mashine ni kazi kubwa, kuzuia mahindi ni kazi ndogo.

Hilary amekwenda Endamarariek kuangalia shamba lake, amemwachia mashine Patrisi, msagaji wake. Patrisi ni mtu wa kulala akikosa mteja. Nikachukua ubavu wa boksi la sabufa, nikaandika kwa herufi kubwa: MASHINE NI MBOVU. HAKUNA KUSAGA MPAKA JUMATATU. Nimelitundika barabarani, pale kwenye kona, ambapo Patrisi haoni.

Limefanya kazi kama dawa. Wanawake wamefika na madebe kichwani, wamesoma, wameguna, wamegeuka. Wengine wamemsomea aliye nyuma. Patrisi amelala mpaka mchana. Kimya. Taa ya sebuleni imesimama wima kama mshumaa wa madhabahuni. Nimekula vizuri. Nimemwambia Moloimet kwamba akili ni mali, akaniuliza kama ndiyo ile iliyomleta yeye kwa basi.

Ijumaa, 15 Julai

Clara amefika. Mtoto ana paji lako la uso na anakunja ngumi kama wewe ukisubiri mimi nimalize kueleza jambo. Nimembeba. Ameshika kidole changu kile chenye kovu la jenereta. Sikutaka kuketi ili asikiachie.

Alasiri Hilary amekuja. Mkononi kibao changu. Upande mmoja maandishi yangu, upande wa pili picha ya sabufa. Hilo sikulifikiria.

Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alimsalimu Clara, alimbariki mtoto kwa Kiiraqw, kisha akaniambia polepole: "Kesho nilishamwambia Patrisi asifungue. Nani atasaga siku ya Mama Clara? Sasa mtaa mzima hauna unga. Hata unga wa chakula cha watu wako wa kesho umo kwenye hayo madebe uliyoyarudisha. Itabidi nisage tangu asubuhi."

Nilikipokea kibao.

Akasema, "Mimi nilikuwa nimefunga. Wewe umenifungulia."

Clara alinitazama. Jicho ni lako kabisa, hata halikupungua njiani.

Jumamosi, 16 Julai

Mwaka.

Kaburini tulikwenda mapema, ukungu bado umelala kwenye ngano. Mchungaji amesema maneno mazuri na mafupi. Clara ameweka maua. Mimi nimeng'oa majani yaliyoota karibu na jina lako, nikakaa hapo kidogo.

Tumerudi nyumbani, watu wamejaa. Viti vya kanisa. Mchungaji amepewa kiti cha nyuma kizuri, chini ya ile spika ya nyuma iliyosalia. Bernadina amekuja, na wanawake wa saluni. Brigita amekuja na mume wake kutoka Mbulu. Wote wanajua kuna kanda. Clara amekaa mbele na mtoto mapajani. Na mashine ikawa inanguruma ng'ambo ya ua kama ndege isiyoondoka, kwa sababu yangu.

Nimechomeka. Njano.

Nikaeleza kwamba ni kawaida, ni ulinzi. Kijani. Tak. Njano. Mchungaji akasema tuimbe ubeti mmoja wakati tunangoja. Tukaimba. Kijani. Tak. Njano. Tukaimba uliobaki. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama ni TV au ni taa za barabarani za Arusha. Watu wakacheka kwa heshima, wakiziba midomo, na hicho ndicho kilichoniuma. Nikapiga magoti nikasogeza waya. Nikafunua stabilaiza. Nikamwambia Moloimet ashikilie hapa, akashikilia. Nilikuwa natokwa jasho Julai, Karatu.

Mashine ikanyamaza. Unga ulikuwa umekwisha kusagwa. Baada ya muda Hilary akaingia mlangoni, mweupe wote, nyusi, kofia, masikio. Hakwenda kuoga. Alisema hakutaka kukosa. Wakamsogezea kiti.

Njano.

Clara akampa Brigita mtoto, akasimama. Akasema, "Baba, toa vyote." Nikaanza kumweleza kazi ya kila kimoja. Akasema tena, "Baba." Akauchukua waya wa TV na wa deki na wa spika, akapita juu ya ulinzi wangu wote kama mtu anayevuka mfereji, akachomeka ukutani, moja kwa moja. Nikafumba macho. Nilisikia deki ikimeza kanda.

Halafu nikakusikia wewe.

Sikufumbua macho mara moja. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yako ina mkwaruzo kidogo mwanzoni, kama mlango wa stoo. Ulisema:

"Brigita mwanangu, sina hotuba. Hiyo taa mnayoiona inacheza, msiwalaumu wenye jenereta. Ni mume wangu. Yuko nje anaitengeneza. Kabla hajaanza kuitengeneza ilikuwa inawaka vizuri."

Turubai zima likacheka. Sebule yangu nayo ikacheka, sasa bila kuziba mdomo.

"Nimekaa na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Sijaona kitu alichokitengeneza kikapona. Lakini nikuambie, mwanangu. Giza likiingia, sijawahi kukaa nikijiuliza mume wangu yuko wapi. Namsikia. Yuko ukutani, au yuko juu ya bati, anauliza, Mama Clara, imewaka?"

Na hapo, kwenye spika ya nyuma, juu ya kichwa cha Mchungaji, kwa mbali, sauti ya mwanamume ikauliza: "Imewaka?"

Mchungaji aligeuka kutazama mlango. Ilikuwa mimi. Nje ya turubai, siku ile.

Turubai zima likajibu kwa pamoja: "Bado!"

Nakumbuka nililisikia hilo. Nilidhani wanamjibu mshereheshaji.

Ukangoja wamalize kucheka. Ukasema, "Mume wa namna hiyo usimnyamazishe. Mwambie tu bado." Kisha ukageuza uso pembeni, ukaisogeza maikrofoni mbali, lakini ikachukua: "Baba Clara, acha hizo nyaya, njoo ule." Taa ikazimika. Picha nyeusi, watu wanacheka gizani, kanda ikaisha.

Hilary alikuwa analia waziwazi, na machozi yamemchorea mifereji kwenye unga. Nilimwuliza kwa nini aliniambia ulisifu mchele. Akasema, "Ungetaka mimi ndiye nikuambie? Na mchele nao ulikuwa mzuri."

Mtoto alikuwa amelala muda wote. Clara amemwamsha taratibu, amerudisha kanda mwanzo, na tumesikiliza tena wote, na kwenye "imewaka" sebule yote imejibu, hata Moloimet, ambaye hakuwepo.

Jumapili, 17 Julai

Clara anaondoka kesho na kanda. Dar kuna watu wanaohamishia kwenye sahani vizuri, anasema, atatengeneza nyingi, ataleta Krismasi. Nimekubali. Nimeifunga kwa kile kitenge cha bluu, nimempa mkononi, nimemwambia asiiweke karibu na injini ya basi. Uko salama sasa, bibi yake mtoto. Hilo limekwisha.

Stabilaiza nimemrudishia Bernadina. Moloimet ameajiriwa na Hilary kulinda mashine. Amekuja kuniaga kwa unyenyekevu, akasema kule kazi ni rahisi, mwizi anapita mlangoni. Nimemwambia Hilary kwamba kuchukua mlinzi wa jirani si ustaarabu. Akauliza, anilipe fidia ya chumvi?

Uliniambia niache nyaya, nije kula. Nimesikia kwa masikio yangu, mara mbili, mbele ya Mchungaji. Nimelifikiria leo kutwa nzima, kwa unyofu. Nimeona kwamba ulikuwa unasema nyaya za jenereta ile. Hizi hukuzijua.

Maana fikiria. Deki ipo, spika nne zipo, sahani zitakuja Krismasi. Lakini kabla ya Krismasi kuna mvua za Novemba, na mvua za hapa huja na radi. Mashine ya Hilary si kitu mbele ya radi. Ile fimbo ya shaba ninayo bado, imepinda kidogo tu, ng'ombe hakuiharibu sana. Ikikaa juu ya paa, kwenye ncha kabisa, waya ukashuka mpaka chini, nyumba nzima itakuwa na amani. Inosenti amekataa kuniazima ngazi. Hilary ameniazima, tena ameileta mwenyewe akitabasamu. Napanda kesho Clara akishaondoka, asione.

Clara ameita mara ya tatu kutoka jikoni, chakula kinapoa. Nimemwambia nakuja, namalizia kukata waya huu.

Huko uliko, Mama Clara, nikumbuke.